Masonara wa kale wa Amerika walitia shaba kwenye dhahabu kwa makusudi. Walikuwa wanamdanganya nani?

SonaraWaBusia
Jumapili, saa 3:40 usiku

Salaam wanajukwaa. Mimi ni sonara, karakana yangu iko Busia, upande wetu huu wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Si msomi. Shule niliachia darasa la saba, na kazi nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye naye aliiokota Jinja kwa sonara wa Kihindi aliyekuwa akimfagilia duka, mpaka Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972. Nasema haya mapema ili mtakaonijibu mnijibu kama mtu wa koleo na tochi.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki mbili zilizopita mteja alinirudishia pete. Ilikuwa ya karati 14, yaani dhahabu sehemu 14 kati ya 24 na zinazobaki ni madini mengine kama shaba; nilimwambia ni ya karati 14, na bei niliyotoza ni ya karati 14. Kufika nyumbani, shemeji yake akaikwangua kwa kisu, akaona wekundu, wakaja wawili kunitukana mbele ya kijiwe cha bodaboda: mwizi wewe, unatuuzia shaba! Nikarudisha hela, nikafunga mlango mapema. Kwa sonara hakuna tusi linalouma kuliko hilo. Mjomba alinilea akiniambia shaba kwenye dhahabu ni kama chumvi kwenye mchuzi, ikizidi umeiba.

Jioni hiyo nikiwa nanung'unika na chai yangu, binti yangu wa sekondari akaniwekea simu mbele. "Baba, hebu tazama hii." Ilikuwa picha ya chelezo cha dhahabu, magogo yamefungwa pamoja, juu yake watu wadogo wamesimama na katikati yao mmoja mkubwa kuliko wote. Kumbe ni kazi ya watu walioitwa Wamuisca, wa nyanda za juu za Kolombia, kabla Kolumbo hajavuka bahari. Kilikutwa pangoni karibu na mji wa Pasca mwaka 1969, na sasa kiko kwenye Makumbusho ya Dhahabu mjini Bogotá. Urefu wake ni sentimita 19.5. Nilichukua rula nikapima: kinaanzia kwenye kifundo cha mkono wangu, kinaishia kwenye ncha ya kidole cha kati.

Nikavaa miwani nikaikuza ile picha. Banange! Aliyeifanya kazi ile hakuwa mtu wa mchezo. Zile nyuzi za dhahabu ni nyembamba kama za kushonea. Binti akanifungulia nyingine, vijitu bapa vyenye umbo la pembetatu, macho kama punje za mchele. Vinaitwa tunjo, vilikuwa vya kutolea sadaka. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika. Kazi haijamaliziwa! Pembeni madini yamevuja yakaachwa hivyo hivyo, mirija ya kumiminia haijakatwa sawasawa, uso una vinundu, msasa haujapita hata mara moja. Kijana wangu wa karakana akiniletea kitu kama hicho namrudisha mezani.

Kisha binti akasoma maneno yaliyonikalisha kitako. Masonara wa kule, kuanzia Peru mpaka Panama na kwingineko, walikuwa wakitia shaba kwenye dhahabu, mara nyingine zaidi ya nusu, halafu wanaushughulikia uso mpaka unang'aa kama dhahabu tupu. Mchanganyiko wenyewe unaitwa tumbaga. Na vitu hivyo havikuwa vya kuuzia wajinga sokoni. Walivaa watawala na makuhani, wakazikwa navyo.

Sasa nauliza. Mimi nikifanya hivyo ni mwizi. Wao walikuwa wanamdanganya nani? Mtawala wao? Mungu wao? Maiti? Na hivi vijitu vya sadaka, kwa nini kile cha kumpa mungu ndicho kiachwe bila kusuguliwa? Swali la mwisho ni la kifundi: bila asidi ya dukani na bila umeme, ile dhahabu waliipandishaje juu?


Mwalimu_Tororo
Jumapili, saa 5:15 usiku

Fundi, pole kwa yaliyokukuta. Mimi hufundisha historia hapa Tororo, na dhahabu ya Amerika ni ugonjwa wangu wa siku nyingi, kwa hiyo utanisamehe nikirefusha. Naanza na swali lako la kifundi kwa sababu jibu la lile kubwa limejificha humo.

Hawakuipandisha, waliifunua. Bati la tumbaga likichomwa, shaba iliyo usoni inaungua na kuwa nyeusi, dhahabu haiungui. Ule weusi wakauosha kwa maji ya mimea michachu au kwa chumvichumvi za ardhini. Wakachoma tena, wakaosha tena. Kila mzunguko shaba ya usoni inapungua, na dhahabu inabaki peke yake, yenye vitundu kama sifongo. Mwisho wakasugua kwa jiwe laini mpaka vitundu vikafunga. Hakuna kilichopakwa. Dhahabu unayoiona nje ni ile ile iliyokuwa ndani tangu chuma kilipomiminwa. (Nimesema chuma kwa mazoea, wewe unajua nakusudia nini.)

Kuna mama mmoja, Heather Lechtman, mtafiti wa metali wa MIT kule Marekani, aliyeyatazama mabati ya Andes kwa hadubini miaka mingi. Hoja yake ni kwamba mafundi wale waliamini kitu hakiwezi kuwa cha dhahabu kwa nje kama dhahabu haimo mwilini mwake. Kwa hiyo fundi haongezi ngozi, anaitoa nje hali iliyomo. Ukiitazama hivyo, neno "kudanganya" halina pa kukaa, maana anayedanganya huficha, na hawa walifichua. Lakini nisikufunge macho: Wamoche wa pwani ya kaskazini ya Peru walijua pia kuivisha shaba utando mwembamba mno wa dhahabu. Si kila fundi alifuata njia moja.

Na shaba yenyewe waliihitaji. Dhahabu tupu inayeyuka kwenye nyuzi 1,064, shaba 1,085, lakini changanya sehemu 80 za dhahabu na 20 za shaba uone: zinayeyuka zote kwenye nyuzi 910 hivi. Wewe unaifungulia gesi, huoni tofauti kubwa. Kule hawakuwa na mivukuto kama ya wahunzi wetu wa Bunyoro. Watu walizunguka moto na mirija mdomoni wakapuliza. Nyuzi 150 ulizopunguziwa ni mapafu ya watu.

Halafu harufu, jambo ambalo watu husahau. Wataíno wa visiwa vya Karibi waliuita mchanganyiko huu guanín, na waliupenda kuliko dhahabu tupu kwa wekundu wake na kwa kunuka kwake. Vipande vilivyopelekwa Hispania wakati wa Kolumbo vilipimwa: katika sehemu 32, dhahabu 18, fedha 6, shaba 8. Mhispania aliona hasara. Mtaíno, ukimpa dhahabu tupu, alikuwa ananusa kitu kisicho na roho.

Sasa tunjo zako zilizokuudhi. Tofautisha vitu vya mwilini na vitu vya sadaka. Vya mwilini vilisuguliwa vikang'aa kweli: herini, vidani vya kifua, vipini vya pua. Na kipini cha pua cha kule usikifikirie kama cha akina mama wa pwani. Mara nyingi ni bati pana linaloning'inia kutoka puani mpaka linafunika mdomo, ili mtawala akinena, maneno yatoke nyuma ya dhahabu. Wengine walitundikiwa vibati vidogo vidogo, akigeuza kichwa vinametameta na kugongana. Mtu wa kutazamwa, mng'aro ni sehemu ya kazi yake.

Tunjo haikutengenezwa itazamwe. Ilimiminwa kwa ajili ya haja fulani, ikatiwa chunguni, pengine pamoja na zumaridi, ikazikwa au ikapelekwa pangoni au ziwani. Ikitoka kwenye kalibu, imekwisha. Fundi alichonga umbo kwa nta, akalivika udongo laini uliochanganywa na mkaa, akachoma nta ikatoka, akamimina, akavunja kalibu. Nyuzi unazoziona usoni ni nyuzi za nta. Nta yenyewe ilikuwa ya nyuki wasiouma, kwa kuwa hawa nyuki wetu wa asali hawakuwepo Amerika mpaka walipopelekwa na Wazungu.


Koleo
Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Mwalimu na Sonara, mnazunguka mbuyu. Dhahabu ni pesa. Mimi nimechimba Mubende mpaka tulipoondolewa mwaka 2017, sasa niko Karamoja. Nimeteremka shimoni kwa kamba ya katani, nimechoma zebaki kwenye kikaango huku nimejifunga shati puani kana kwamba shati linazuia kitu. Yote kwa kipande ambacho ukikitia mfukoni unakisahau. Halafu mnaniambia kuna watu walikitia chunguni wakakizika? Wakakitupa ziwani? Samahani, huo si utakatifu, ni kushiba. Mtu mwenye njaa hatupi dhahabu majini.

Na huyo mteja wa pete, Sonara, ungemwonyesha mhuri wa karati umfukuze. Mpole sana wewe.


Mwalimu_Tororo
Jumatatu, saa 7:20 mchana

Koleo, walikuwepo waliofikiri kama wewe, na ziwa liliwaonyesha. Ziwa linaitwa Guatavita, liko milimani kaskazini mashariki mwa Bogotá, duara kama bakuli. Juan Rodríguez Freyle aliandika mwaka 1636 jinsi mtawala mpya alivyotawazwa pale: anavuliwa nguo, anapakwa udongo unaonata, anapuliziwa unga wa dhahabu mwili mzima, anapandishwa kwenye chelezo pamoja na wakuu wanne, vyetezo vinafuka, na katikati ya ziwa dhahabu na zumaridi zinatupwa majini. Ndiyo maana chelezo cha Pasca kilishtua watu mwaka 1969. Huyo mtu aliyepakwa dhahabu ndiye El Dorado. Wahispania walilichukua jina la mtu wakaligeuza la nchi, wakaitafuta mpaka wakafia msituni.

Miaka ya 1580 mfanyabiashara Antonio de Sepúlveda alikata ukingo wa lile ziwa kama pengo la jino. Maji yakashuka kama mita 20, akaokota vichache, ukingo ukaporomoka ukafukia vibarua. Pengo lipo mpaka leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Waingereza ikalikausha ziwa lote kwa handaki. Ilikuta tope la kumzamisha mtu. Kabla hawajalichimbua jua likalikausha likawa gumu kama saruji, handaki likaziba, maji yakarudi. Mwaka 1965 serikali ya Kolombia ikapiga marufuku kulichokoa.

Na kuhusu pesa: Wamuisca wenyewe hawakuwa na migodi mikubwa ya dhahabu. Walikuwa na chumvi, nguo za pamba na zumaridi, dhahabu waliinunua kwa jirani. Walinunua kwa jasho wakaitupa. Usiwaite walioshiba. Ungekuwa Meksiko ungecheka zaidi, maana Waazteki waliiita teocuitlatl, yaani kinyesi cha mungu, na kwao jade na manyoya ya ndege quetzal yalikuwa juu ya dhahabu.


MamaKaranga_Soroti
Jumatatu, saa 2:30 usiku

Jamani, mimi huwa nasoma tu sichangii, ila leo mmenigusa penye biashara yangu. Nauza karanga Soroti mwaka wa 19 huu. Mtoto wa dada yangu aliwahi kunionyesha mkufu wa mtawala wa Sipán, huko huko Peru ya kaskazini kwa hao Wamoche wa mwalimu, na tangu siku hiyo kila nikimenya nawakumbuka.

Mkufu wenyewe ni wa karanga! Maganda ya karanga ya metali, makubwa kuliko ya shambani, 10 za dhahabu na 10 za fedha. Za dhahabu zimekaa upande wa kulia wa maiti, za fedha kushoto. Kaburi hilo lilichunguzwa mwaka 1987 na mwanaakiolojia Walter Alva, baada ya wezi wa makaburi kuvunja jirani yake na polisi kumwita. Yule bwana alizikwa na watu wengine wa kumsindikiza. Miaka zaidi ya 1,600 ardhini.

Nilipouona niliangalia jambo ambalo wasomi huenda hawaangalii. Ganda la karanga lina kiuno, lina mistari ya kwenda chini na ya kukatiza, na lina kidomo upande mmoja. Fundi yule amevitia vyote. Huyo mtu amemenya karanga maishani mwake, haambiwi na mtu. Karanga si zao letu la asili, zilitoka kule kwao, sisi zilitufikia kwa meli za Wareno na watu wengine. Leo Teso ukikosa karanga umekosa mboga.

Kwa nini mtawala avae karanga badala ya simba au jua? Mimi nimepanda karanga tangu utoto, na hakuna mmea mwingine nilioulima unaofanya kama huu: ua linachanua juu, kisha kijiti chake kinainama, kinajichimbia chini chenyewe, kinazaa gizani. Anayezikwa akiwa amevaa karanga hajazikwa, amepandwa. Hayo ni yangu, mwalimu asinikosoe.

Koleo, mwanangu, jifunge kitu cha maana puani. Zebaki si mchezo.


Mtuba
Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Mimi natoka Bukomansimbi, ukoo wetu unatengeneza lubugo, nguo ya gome. Namjibu Sonara kwa kazi yangu, maana ya kwake siijui.

Mwalimu anasema hawakupaka, walitoa kilichomo ndani. Sisi hatujawahi kusema vinginevyo. Gome la mti wa mutuba likitoka mtini ni jeupejeupe, lina maji, lina ukakasi, hulitamani. Tunalichemsha au kulibabua, tunalitwanga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, ya mifereji minene kwanza, halafu ya myembamba, kivulini ili lisikauke kabla ya wakati. Linapanuka mbele ya macho yako. Kisha tunalianika. Ule wekundu wa udongo ambao kila mtu anaujua hatuupaki. Jua linautoa. Nimeulizwa na wageni mara nyingi rangi hii mnanunua wapi.

Za wakubwa ndizo hutiwa rangi nyeupe au nyeusi. Lakini ile nyekundu ndiyo ya watu, ndiyo tunayowafungia wafu wetu, ndiyo Kabaka huvishwa akitawazwa. Hapa kwetu mfalme hakuhitaji dhahabu. Ana ngoma, ana ngozi ya chui, ana gome la mti. Mzungu wa kwanza kuja kutupima kwa mizani angeandika hatuna kitu.

Na sisi pia tuna za kuvaa na za kuzikia. Ya kuzikia huhesabiwi viraka. Penye tundu la tawi tunashona kwa ukili wa raffia, tunapita. Marehemu harudishi mzigo dukani kama mteja wako wa pete.


SonaraWaBusia
Jumamosi, saa 4:10 usiku

Ndugu zangu, asanteni. Nimesoma kila neno, mengine binti alinisomea mara mbili. Nikaona badala ya kubishana na watu waliokufa, nijaribu.

Alhamisi jioni nilifunga mlango nikapima gramu 1 ya dhahabu safi niliyokuwa nayo, ya Tiira hapa hapa, na gramu 1.5 ya shaba ya waya wa umeme. Yaani 40 kwa 60, kitu ambacho nikikiuza nafungwa. Nikayeyusha kwa boraksi, ule unga wa kusaidia madini kuyeyuka vizuri. Kikatoka chekundu kama bomba la friji, nikakigonga kikawa bati la ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Mjomba yuko na miaka 74 na bado huja karakana kila siku kukaa tu. Alikitazama akasema, "Hiyo ni shaba." Sikumjibu.

Nikakichoma. Kikawa cheusi kama chungu. Asidi nilikuwa nayo lakini nikaona hiyo si haki, nikakamua ndimu nne kwenye sufuria ndogo, nikatia chumvi, nikachemsha bati humo. (Ndimu najua hawakuwa nazo, mwalimu, usiniandikie. Sufuria ni ya mke wangu, naye pia asiniandikie.) Kutoka mara ya kwanza lilikuwa la waridi iliyofifia. Mara ya pili halikuonyesha kitu. Mara ya tatu lilikuwa rangi ya chai ya maziwa, nikaita kijana aje aone. Mara ya tano manjano ikaanza pembeni, kwenye kingo, ndipo ikaingia katikati. Mara ya saba lote lilikuwa la manjano, lakini manjano iliyolala, kama unga wa mahindi. Halina hata chembe ya mng'aro. Ungelipita barabarani.

Nikachukua jiwe langu la akiki la kung'arishia, nikapaka mate kama nilivyofundishwa, nikapita mstari mmoja tu. Wanajukwaa, ulifunguka mstari wa dhahabu. Si ya karati 9. Dhahabu ya harusi. Nikasimamisha mkono nikaangalia huo mstari peke yake, pande zote mbili kuna unga wa mahindi na katikati kuna jua. Mizani ilikuwa gramu 2.5, sasa inasoma 2.4. Shaba iliyotoka imo kwenye maji ya ndimu, yamekuwa ya kijani.

Hapo nikaikumbuka ile pete. Kila pete ninayochomelea naichoma, kisha naichovya kwenye asidi kuondoa weusi, kisha naichoma tena kwenye kiungo kingine, naichovya tena. Miaka 22 nimekuwa nikiifanya kazi hiyo hiyo bila kujua. Uso wa pete ya yule bwana ulikuwa wa manjano zaidi kuliko tumbo lake kwa sababu hiyo, na shemeji alipokwangua akafika tumboni. Sikumwibia. Ila na mimi ningekuwa yeye ningetukana.

Mjomba alitaka kulishika. Hakulitazama hata kidogo, macho yake siku hizi hayamsaidii. Alilisugua kati ya vidole mpaka likapata joto, akalipeleka puani, akakaa kimya kwa muda. Akasema, "Linanuka senti kumi." Mnaikumbuka ile senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati? Alisema mama yake alimfungia moja kwa uzi kiunoni alipokuwa mtoto, akalala nayo miaka, na hii ndiyo harufu yake. Amelitia mfuko wa shati na ameondoka nalo. Gramu nzima ya dhahabu yangu. Sijamdai.

Koleo, nakuletea barakoa ya kaboni ukipita Busia, nimemsikia Mama. Mtuba, nitakuja Bukomansimbi kuona hizo nyundo. Mama Karanga, hilo la kupandwa nimelibeba.

Mwalimu, tunjo sijaiweza bado. Nilijaribu kuchora nyuzi za uso kwa nta ya mshumaa, zinakatika kabla sijazikunja. Ila nyuki wasiouma wako kwenye ufa wa ukuta wa jirani yangu, wameweka kile kimrija chao cha nta mlangoni. Jirani anasema nikitaka kuubomoa ukuta nilipe matofali. Tunaongea.